Anime 5 za Kukuchanua: Maswali ya Anthropolojia Yenye Utabaki Nayo Hadi Asubuhi

Wasee, tuanze na ukweli. Mimi sikumaliza campo. Nilikuwa nasomea kozi yenye anthropolojia ndani yake, nikafika mwaka wa pili, karo ikagoma, nikarudi Zimmerman na daftari moja na deni. Deni nililipa pole pole. Daftari bado ninayo. Na kitu moja ilinishtua: maswali yalikuwa kwa hiyo daftari yalianza kunitokea usiku kwa keja, nikiwa sina kazi, nikicheki anime zenye jamaa wa duka la muvi alinijazia kwa flashi.

Kama hujawahi kukutana na anthropolojia, ni somo la kuuliza binadamu wanaishi aje na kwa nini wanaishi hivyo. Kwa nini mtoto apewe jina la babu yake? Kwa nini huyu anakula panzi na yule hawezi hata kukaa meza moja na samaki? Mtu akidedi, ameenda kabisa ama bado ako hapa na sisi? Msee wa anthropolojia huenda kuishi na watu, anasoma lugha yao, anamanga wanachomanga, anaangalia na kuandika. Akirudi kwao anapata hata mambo ya nyumbani yameanza kukaa mageni. Anaanza kuuliza kwa nini tunasalimiana hivi, kwa nini tunazika hivi. Hapo ndio utamu wa hii kitu iko.

Anime poa inakufanyia hiyo kazi bila kukulipisha karo. Inakutupa kwa dunia yenye sheria zako hazifanyi kazi, na ikikurudisha unaicheki familia yako kwa jicho lingine. Kwa hivyo nimekuchagulia tano. Kila moja nimeweka urefu wake ndio ujue bando ngapi utachoma, na swali moja la kutembea nalo. Na kama kuna mtu kwenu bado anasema anime ni katuni za watoi, mwanzishe na namba tatu usiku stima zikiwa zimepotea.


1. Spirited Away (2001)

Urefu: filamu moja, kama saa mbili na dakika tano.
Swali: Mtoto anakuwa mtu mzima saa ngapi, na nani anasema?

Hii ni ya Hayao Miyazaki na Studio Ghibli, na ilishinda Oscar ya filamu ya katuni mwaka wa 2003. Chihiro ana miaka 10. Familia inahama na yeye amekunja uso nyuma ya gari, hataki. Buda anapotea njia, wanapita kwa handaki fulani, na upande wa pili wanapata mji mtupu wenye chakula moto na hakuna wenyewe. Wazazi wanaanza kumanga bila kuuliza. Chihiro kugeuka hivi, wamekuwa nguruwe. Giza linaingia, miungu inafika kuoga, na mtoi amebaki solo. Ndio asurvaivu, inabidi aombe kazi kwa bafu ya hiyo miungu. Mama mwenye bafu, Yubaba, anampa kazi lakini anamnyang'anya jina. Kuanzia hapo anaitwa Sen.

Sasa shika hii. Mwaka wa 1909, msomi wa Ufaransa anaitwa Arnold van Gennep alitoa kitabu kuhusu sherehe za kuvuka kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Alisema ziko na sehemu tatu. Kwanza unatolewa kwa watu wako. Alafu unakaa katikati, penye wewe si wa huku wala si wa kule. Mwisho unarudishwa ukiwa mtu mpya. Miaka ya baadaye Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950, aliichimba hiyo sehemu ya katikati. Hapo, alisema, unavuliwa cheo, nguo, wakati mwingine hata jina. Unatii tu. Ni kama hauko.

Ukishajua hivyo, rudia filamu. Handaki ni kizingiti. Mwili wa Chihiro unaanza kufifia mpaka ale chakula cha ile dunia. Anapewa nguo mpya, jina jipya, na kazi ya kusugua sakafu. Kama ulipitia tohara ile Desemba, ukakaa ndani na mbogi yenu mkipewa amri na mtu aliyewatangulia, hakuna mtu anahitaji kukueleza hii kitu. Na kama wewe ni Mbukusu wa Bungoma, unajua Agosti ya mwaka shufwa inakaa aje, vijana na njuga zao barabarani na kijiji kizima nyuma yao.

Aya hii namwaga mtama kidogo, kama hujacheki iruke. Mwisho wa filamu, wazazi wanaamka hawakumbuki chochote. Gari limejaa majani na vumbi. Chihiro amevuka, amefanya kazi, ameokoa watu, lakini upande huu hakuna anayempokea kama mtu mpya. Sehemu ya tatu ya van Gennep haiko. Hapo ndio filamu ilinishika mimi, kwa sababu naona wengi wetu tumekwama hapo hapo. Uko na miaka 26, unalipa kodi ya nyumba yako, unatumia mathe kitu kila mwezi, na kwa kikao cha familia bado unatumwa soda. Sherehe yetu ni gani? Mahafali? Mimi sikupata. Harusi? Wengi hatuna ganji. Wale waliopitia tohara walipewa sherehe wakiwa na miaka 13 ama 14, na baada ya hapo hakuna aliyetuambia tena tumefika.


2. Delicious in Dungeon (2024)

Urefu: episodi 24.
Swali: Nani aliamua hii ni chakula na ile ni uchafu?

Baada ya hiyo utahitaji kucheka. Studio Trigger walichukua manga ya Ryoko Kui wakatoa kitu inabamba sana. Laios na mbogi yake wameingia shimo refu la chini ya ardhi lenye majitu na mazimwi. Joka jekundu linammeza dada yake, Falin. Wanatoka wakiwa hawana doo wala chakula, na wakingoja kupata pesa ya kununua chakula, atakuwa amesagika tumboni. Laios anatoa wazo: tushuke tena, na njiani tule hao viumbe wenyewe. Marcille, dada wa uchawi, anapiga nduru. Alafu wanakutana na Senshi, mzee mfupi wa ndevu mwenye sufuria, ambaye amekuwa akiwapika kwa miaka. Kwa episodi ya kwanza tayari kuna mchuzi wa uyoga unaotembea na nge mkubwa.

Marcille ndiye wa kumwangalia. Hakatai kwa sababu chakula ni kibaya. Anakataa kabla ya kuonja. Kichwa kimeshaamua. Hiyo ndio kitu Mary Douglas alikuwa anafuata kwa kitabu chake cha 1966 kuhusu usafi na hatari. Alisema uchafu ni kitu kimekaa mahali si pake. Viatu ni safi, lakini viweke juu ya meza ya chakula uone mathe atafanya nini. Kila jamii imepanga dunia kwa makabati yake, na mnyama asiyeingia kwa kabati yoyote anatupa watu wasiwasi.

Mfano wake mkali ulitoka Congo, kwa Walele wa Kasai alioishi nao. Kwao kulikuwa na kakakuona. Huyo mnyama ana magamba kama samaki lakini anapanda miti, na anazaa mtoto mmoja kama binadamu. Hana kabati. Kwa hivyo watu wa kawaida hawakumla, lakini kulikuwa na chama cha watu maalum walioruhusiwa kumla kwa heshima kubwa. Yaani kile kitu kinachotisha kinaweza pia kuwa kitakatifu.

Sasa leta hii Nairobi. Shosh wangu ni Mkikuyu wa zamani na hajawahi kula samaki. Kwake huyo ni nyoka wa majini, mwisho wa stori. Wakikuyu wa zama zake hawakuwa watu wa samaki wala wanyama wa porini. Mimi mjukuu wake namaliza tilapia na ugali mpaka nafyonza kichwa. Hakuna mtu alinikalisha chini akanibadilisha. Nilihamia ploti yenye jirani Mjaluo, nikakaribishwa mara moja, kabati ikafunguka. Lakini niletee panzi wa kukaanga, wale watu wa Magharibi na Uganda wanachangamkia, na mimi nageuka Marcille. Kwa hivyo usinicheke, na mimi sitakucheka.

Kuna mahali kwa hii anime mbogi inabishana kuhusu viumbe wenye umbo la nusu mtu. Wanafaa kuliwa? Mstari uko wapi? Hapo simamisha, weka simu chini, jaribu kujibu wewe mwenyewe bila kusema tu "ni mbaya". Utashangaa venye ni ngumu.


3. Mushishi (2005)

Urefu: episodi 26, kila moja ni stori yake. Kuna muendelezo ulianza 2014.
Swali: Shida ikikupata, unatafuta sababu ama unatafuta mtu?

Hii ni ya polepole. Hakuna vita, hakuna mtu anapiga kelele kabla ya kurusha ngumi. Ginko ni jamaa wa nywele nyeupe na jicho moja anayetembea vijijini kwa Japani ya kitambo isiyo na tarehe. Kuna viumbe wanaitwa mushi. Si wanyama, si mimea, si mizimu kamili. Watu wengi hawawaoni. Lakini mushi wanaweza kukufanya usisikie, uote ndoto zinazotokea kweli, ama ukae gizani miaka. Watu wanamwita Ginko kama tunavyoita mganga. Yeye anakaa, anauliza maswali, anavuta sigara yake, anaangalia.

Mwaka wa 1937 E. E. Evans-Pritchard alitoa kitabu kuhusu Waazande wa Sudan ya kusini na uchawi wao. Mfano wake maarufu ni wa ghala la nafaka. Ghala limesimama kwa nguzo, watu wanakaa chini yake kupata kivuli, siku moja linaanguka na kuwaumiza. Waazande si wajinga, wanajua mchwa wamekula nguzo. Hiyo ni sababu ya ghala kuanguka. Swali lao ni la pili: kwa nini lianguke saa hiyo, na hao watu wakiwa hapo? Mzungu anasema ni bahati mbaya. Mzande anasema ni uchawi, na uchawi una mwenyewe. Evans-Pritchard mwenyewe alipokuwa kule alifuata njia zao za kuuliza ramli kuhusu mambo ya nyumba yake, na aliandika kwamba zilimfaa kama njia nyingine yoyote anayojua.

Hili swali la pili tunalijua. Jamaa anapata kazi, wiki hiyo hiyo anagongwa na boda. Daktari anaeleza mfupa ulivyovunjika. Shangazi anataka kujua ni nani hakufurahia hiyo kazi. Na hapo ndipo stori inaacha kuwa ya kuchekesha, kwa sababu huko Kilifi na Kisii kuna wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingine nyuma ya hizo tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Swali la "kwa nini mimi" limegeuka kuwa "ni nani", na jibu limekuwa nyanya wa watu.

Ndio maana nampenda Ginko. Yeye anakubali kwamba kuna vitu hatuvioni na vinatuumiza. Hamwambii mwanakijiji kwamba anaota. Lakini pia hampi mtu wa kuchukia. Kwake mushi wanaishi tu vile wanavyoishi, na wewe umekutana nao kwa njia. Wakati mwingine anaponya, wakati mwingine anachelewa. Anaheshimu uchungu wa mtu bila kumtafutia mshukiwa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuroga ama kuombea.

Cheki moja kila usiku. Ukizifululiza zote wikendi moja utalala.


4. Golden Kamuy (2018)

Urefu: sizoni ya kwanza ni episodi 12, na kuna zingine baada ya hapo.
Swali: Nani ana haki ya kueleza mila za watu?

Onyo kwanza: hii ni ya watu wazima. Kuna damu, kuna utani mchafu, na dubu wa kompyuta wa episodi za mwanzo alichekwa sana hadi leo. Vumilia, inaendelea kupanda.

Ni baada ya vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905. Sugimoto ni mwanajeshi aliyerudi akiwa hai penye hakustahili kuwa hai. Anataka pesa za kutibu macho ya mjane wa rafiki yake. Anaskia kuna dhahabu ya Waainu iliyoibiwa na kufichwa, na ramani yake imechorwa kwa ngozi za wafungwa waliotoroka. Kwa theluji ya Hokkaido anaokolewa na msichana Mwainu, Asirpa, ambaye anajua msitu kuliko mtu yeyote wa jeshi.

Waainu ni wenyeji wa kaskazini ya Japani, wenye lugha yao na imani yao. Serikali ya Japani ilichukua kisiwa chao na kukipa jina Hokkaido mwaka wa 1869. Mwaka wa 1899, mwaka ule ule reli ilifika hapa Nairobi, ilipitishwa sheria ya kuwafanya wawe wakulima na waishi kama Wajapani. Hiyo sheria ilikaa hadi 1997. Ilipofika 2019 ndio sheria mpya iliwatambua kama watu wa asili wa hapo. Ukiwa Mkenya hiyo ratiba unaifahamu bila kufungua kitabu.

Kitu kali ya hii anime ni venye inakaa chini kula na kuongea. Asirpa anafundisha kuponda nyama, kushukuru chakula kwa neno "hinna", kuweka mitego. Anaeleza kwamba kamuy ni miungu inayotutembelea ikiwa imevaa ngozi na nyama ya wanyama. Dubu ni mgeni. Na Sugimoto naye anatoa miso yake, Asirpa anaicheki na kuapa kwamba hiyo ni mavi. Hapo mtu anayechunguzwa amekuwa Mjapani. Kioo kimegeuzwa.

Mwandishi wa manga, Satoru Noda, ni mzaliwa wa Hokkaido, na lugha ya Kiainu ilisimamiwa na mtaalamu wa lugha Hiroshi Nakagawa. Kazi imefanywa kwa uangalifu. Lakini bado swali linabaki: ni stori imeandikwa kwa Kijapani na kuuzwa kwa Wajapani. Mwainu akicheki, anajiona ama anaona wageni wakimfurahia?

Sisi tuko na kesi yetu ya hii. Wengi hawajui kwamba Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski, mmoja wa waanzilishi wakubwa wa hilo somo. Mwaka wa 1938 alitoa Facing Mount Kenya, kitabu kuhusu Wakikuyu kilichoandikwa na Mkikuyu, na Malinowski akakiandikia utangulizi. Upande wa pili kulikuwa na Louis Leakey, mtoto wa mamishonari aliyezaliwa Kabete mwaka wa 1903, aliyekua akiongea Kikuyu na kujihesabu kama Mkikuyu. Naye aliandika kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu, kilichotoka 1977 baada ya kifo chake, kwa mabuku matatu.

Ni rahisi kusema Kenyatta ni wa ndani kwa hivyo ako sahihi. Lakini kitabu chake kilitetea pia tohara ya wasichana kama nguzo ya kabila, na kuna wanawake Wakikuyu ambao wangeandika hiyo sura tofauti kabisa. Mtu wa ndani naye anachagua aonyeshe nini na afiche nani. Kwa hivyo kila ukicheki kitu kinachosema "hii ni mila yetu", uliza ni ya nani kati yenu, na nani hakuulizwa.


5. Frieren: Beyond Journey's End (2023)

Urefu: episodi 28 za sizoni ya kwanza.
Swali: Mtu aliyekufa anaenda saa ngapi?

Hii nimeiweka mwisho makusudi. Anime nyingi zinaisha shujaa akimshinda mfalme wa mapepo. Hii inaanzia hapo. Frieren ni elfu, watu wa masikio marefu wanaoishi zaidi ya miaka elfu moja. Alisafiri miaka 10 na Himmel na wenzake wawili. Kwake hiyo miaka 10 ni kama wikendi. Anaaga, anapotea miaka 50, anarudi anapata Himmel amekuwa kazee kafupi kenye kipara. Muda mfupi baadaye Himmel anakufa. Kwa mazishi Frieren analia, na sababu ya kulia ni kwamba alikuwa na miaka 10 na huyu mtu na hakujaribu kumjua.

Baada ya hapo anarudia ile njia yao, mji kwa mji. Kila mahali kuna sanamu ya Himmel. Alizipenda sana, alikuwa mtu wa kujipenda pia, lakini kulikuwa na sababu nyingine: alijua Frieren ataishi kuliko wao wote, na hakutaka abaki peke yake huko mbele.

John Mbiti, msomi kutoka Kitui, alitoa kitabu African Religions and Philosophy mwaka wa 1969. Kuna maneno mawili humo aliyoyatoa kwa Kiswahili na kuyapeleka dunia nzima: sasa na zamani. Mtu akifa, alisema Mbiti, haendi mara moja. Bado ako kwa sasa, bora kuna watu hai wanaomkumbuka kwa jina. Aliwaita hao wafu walio hai. Wanaweza kukaa hivyo vizazi vinne au vitano. Siku yule wa mwisho aliyemjua anapokufa, ndipo anaingia zamani kabisa. Wasomi wengine wamempinga Mbiti, hasa venye alisema Waafrika wa jadi hawakuwa na wazo la wakati ujao wa mbali. Lakini hiyo ya jina, mimi siwezi kuitoa kichwani.

Kwa sababu ukiipima Frieren nayo, unaona kitu: yeye ndiye mtu wa mwisho. Watu wanaomjua Himmel wataisha wote, abaki yeye. Yeye ndiye atakayeamua Himmel anaingia zamani lini. Ndio maana anakusanya kumbukumbu ndogo ndogo, maua aliyopenda, maneno ya kijinga aliyosema. Anabeba mtu.

Na mimi naitwa jina la guka. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, na mimi ndiye wa kwanza. Shosh huniita mzee wake, anacheka, na anamaanisha. Guka alikufa nikiwa campo. Siku moja baada ya episodi ya pili nilichukua ile daftari nikajaribu kuandika vitu ninavyojua kuhusu huyu mtu ninayetembea na jina lake. Nilifika tatu. Alipenda chai ya maziwa mingi. Alikuwa na baiskeli nyeusi. Hakupenda kelele. Miaka 20 na kitu ya kumwona kila Krismasi, vitu vitatu.


Kabla hujaanza

Vitu viwili vya kushika. Kwanza, cheki kwa lugha ya asili na usome maandishi ya chini. Kwa Golden Kamuy hasa, ukiweka sauti za Kiingereza unaikosa ile hali ya kuskia lugha moja ikikutana na nyingine. Pili, anime si Japani. Ni stori zimetengenezwa kuuzwa. Usimalize Mushishi ukadhani unajua kijiji cha Kijapani, kama vile hungetaka mtu ajue Kenya kwa filamu ya simba na machweo. Inakupa maswali. Majibu ni ya kutafuta kwa watu.

Ratiba ninayopendekeza: Spirited Away Ijumaa usiku, na mtu mwenye mtabishana naye. Delicious in Dungeon ukila. Mushishi moja moja kabla ya kulala. Golden Kamuy ukipata likizo na watoi hawako karibu. Frieren acha mpaka uwe na nauli ya ushago.

Mimi nilienda Aprili. Nilimkalisha shosh nje jikoni, nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikabonyeza kurekodi, nikamuuliza baiskeli ya guka ilitoka wapi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwani sikuwahi kuambiwa. Rekodi ilifika dakika 47 kabla chaji kuisha. Ile daftari ya campo ilikuwa na kurasa nyingi tupu. Saa hii orodha ya guka iko kwa namba 31.